Chupa Haifunguliwi kwa Mtoto Mmoja

Sikuumbwa kwa kazi ya kukaa. Nikikalia kiti cha plastiki kwa muda, miguu huanza kuniwasha, najikuta nimesimama bila sababu, nimezunguka meza, nimerudi palepale. Nyumbani walishanizoea. Kazini walidhani naumwa. Basi Mungu mwenyewe ndiye anayejua kwa nini nilipewa kazi ya kukaa mlango wa nyuma wa vituo vya afya, nikiwauliza akina mama maswali yaleyale kuanzia asubuhi mpaka jua linapogeuka.

Ilikuwa kazi ya tathmini. Timu kutoka Mbarara ilikuwa imepewa jukumu la kupima jinsi chanjo za kawaida za watoto zinavyotolewa kwenye vituo vya vijijini, ndani ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, na kandokando yake. Sisi tunapaita kambi. Ofisini wanasema makazi ya wakimbizi. Walikuwa wanatafuta watu wa lugha. Mimi nilitoka Kivu Kusini nikiwa mtoto, nikakulia Misiera, kijiji kimoja cha kambi hiyo, nikasomea Mbarara, kwa hiyo nina Kiswahili cha kwetu, Kirundi cha majirani, Kinyankole cha sokoni na Kiingereza cha shule. Kiongozi wetu alikuwa daktari wa Mbarara, mwanamke mtulivu ambaye hata gari likikwama kwenye tope alikunja mikono akasubiri. Utulivu wake ulinichosha kuliko tope lenyewe. Kila Jumatatu tuliondoka Mbarara na gari la timu, Ijumaa tukarudi, na katikati ya wiki mimi nililala Misiera kwa mdogo wangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mama anaingia mlango wa mbele, mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, wanatokea mlango wa nyuma. Pale nyuma ananikuta mimi na meza yangu. Nauliza: umesubiri sana? Muuguzi amekueleza kwamba mtoto anaweza kupata homa? Amekuambia urudi lini? Na la mwisho: umeridhika na huduma?

Wote walikuwa wameridhika. Nilipata mama aliyefika na umande akatoka saa ya chakula, mtoto amelia mpaka sauti imekauka, mama mwenyewe hajatia kitu tumboni, akaniambia ameridhika. Angeniambia nini? Alitaka kwenda nyumbani. Sisi wakimbizi tukiulizwa na mtu aliyeshika tableti tunajibu salama, asante, tumeridhika, kwa sababu hatujui nani yuko nyuma ya hiyo tableti na kesho atakata nini. Mimi mwenyewe nimewahi kujibu hivyo mara nyingi. Jioni kiongozi alifungua kompyuta yake, vituo vyote vikawa na rangi ya kijani, na mimi nikatoka nje kuzunguka gari.

Sasa nieleze habari za mdogo wangu, kwa sababu jambo hili ni lake. Anauza ndagaa na nyanya kwenye kibanda kando ya njia. Mume wake anafuata maharagwe Kikagate, akirudi hakai. Walikaa miaka bila mtoto, watu wakaanza kusema, wengine kanisani wakaanza kumwombea kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa, kisha akapata binti. Mdogo wangu ni mtu wa polepole. Anaosha kikombe kana kwamba kikombe kina maumivu. Tulipokuwa wadogo nilikuwa nikimvuta mkono njiani ili tufike, naye anasimama kumsalimu kila mtu, na mimi nikitaka kupasuka. Mtoto wake alikuwa ametimiza miezi tisa majuma yale, yaani umri wa chanjo ya surua, na surua ilikuwa imeshaingia upande wa pili wa bonde, kwenye kijiji cha Warundi. Watoto walikuwa wakivimba macho na kutoka vipele. Kila mtu alikuwa akizungumzia hilo kwenye bomba la maji.

Jumatano ndiyo siku ya chanjo kwenye kituo chao, na Jumatano ile nilikuwa pale kituoni kutwa nzima, mlango wangu wa nyuma. Jioni nikafika nyumbani nikamkuta mdogo wangu anachambua sombe, majani ya muhogo, mtoto kamlaza kwenye mkeka.

“Mbona sikukuona?” nikamwuliza. “Nilidhani utakuja na mtoto.”

“Nilikuja, yaya,” akasema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa. “Banirudisha.”

“Nani amekurudisha? Nilikuwa pale siku nzima.”

“Ku mulango ya mbele. Ule baba mwenye kuhesabu batoto. Alisema batoto ba miezi tisa tuko babili tu, habafungui chupa juu ya batoto babili. Turudie Jumatano ingine.”

Alisema hivyo bila hasira, akaendelea na sombe. Mimi hasira ilinipanda mpaka masikioni. Si kwa ajili yake peke yake. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba ileile, nikiandika ameridhika, ameridhika, na upande wa mbele watu wanarudishwa, na kwa vile hawakuingia hawakutoka, na kwa vile hawakutoka hawakufika kwenye meza yangu. Kwa hesabu zetu mdogo wangu hakuwahi kuwepo.

Asubuhi yake nilimfuata muuguzi kabla hajavua koti lake la baridi. Alikuwa Mnyankole wa makamo, mwenye maneno makali na mikono miepesi. Nilimwuliza kwa nini mtoto wa miezi tisa amerudishwa wakati surua iko mlangoni. Alinitazama, akaweka mkoba wake chini.

“Sikia, nyabo,” akasema, kama kwao wanavyomwita mwanamke kwa heshima. “Hii dawa ya surua nikichanganya na maji yake, jioni imekufa. Chupa moja iko ya watoto kumi. Wakikuja wawili, nachoma wawili, ile ingine yote namwaga. Halafu wakubwa wa wilaya wanakuja, wanauliza mimi, sista, dawa unamwagia nani? Mwezi ile ilipita tulikosa kabisa. Wamama walinitukana mpaka kwa soko.”

“Lakini mwongozo unasema fungua hata kwa mtoto mmoja.”

“Naijua. Nilisoma. Lakini karatasi haileti dawa ingine.”

Nilikuwa nimekuja kugombana na mtu mbaya, nikamkuta mtu aliyebanwa huku na huku. Hilo lilinikera zaidi, maana hasira isiyo na pa kwenda hugeuka kuwa ugonjwa wa tumbo. Kila mtoto aliyekuja peke yake aliambiwa arudi, na aliporudi Jumatano nyingine wale wa Jumatano iliyopita walikuwa wamekata tamaa, hawakuja, basi akawa mchache tena. Watoto walikuwepo wa kutosha. Hawakukutana tu.

Nilikwenda kwa kiongozi wetu nikamwomba tuhamishe meza, tuiweke mlango wa mbele, tuwaulize na wanaorudishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kisha akanieleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba maswali yetu yameandikwa kwa ajili ya waliopata huduma, na kwamba tukihamisha meza kituo hiki hatutaweza kukilinganisha na vile vingine tulivyokwisha kupima. Alisema ataliandika jambo hilo mwishoni mwa ripoti. Nilimwuliza nani husoma mwisho wa ripoti. Akafikiri, akasema ukweli, kwamba ni wachache. Kwa ukweli huo nilimheshimu, lakini nilitoka pale nimeuma meno. Nilichoweza ni kuchukua kiti changu na kukisogeza pembeni ya ukuta, mahali ambapo shingo ukiipinda unaona milango yote miwili.

Mdogo wangu hakugombana na mtu. Alikaa na lile jambo kama anavyokaa na kila kitu. Siku iliyofuata nilimkuta amejifunga kitenge safi na mtoto mgongoni, anafunga kibanda chake mchana kweupe.

“Unaenda wapi?”

“Nitaita salongo,” akasema.

Kwetu salongo ni kazi ya pamoja. Mtu mwenye shamba lililomshinda huita majirani, wanalima wote kwa siku moja, na kesho wanahamia kwa mwingine. Anayeita ndiye anayepika, na shamba lake huwa la mwisho kulimwa, kwa sababu si adabu kuita watu ukaanza na lako. Nilimwambia salongo ni ya majembe, hii ni ya sindano. Akacheka kidogo.

“Salongo ya batoto, yaya. Kama chupa iko ya batoto kumi, tutaenda kumi.”

Akaenda nyumba hadi nyumba. Niliandamana naye jioni moja, nikajuta. Kila nyumba alikaa. Alisalimia, akaulizia mgonjwa wa mgongo, akasifu kuku, akanywa maji aliyopewa, na ndipo akauliza kama kuna mtoto aliyetimiza miezi tisa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikihamisha uzito mguu huu na mguu ule. Upande wetu wa Wakongomani ilikuwa rahisi, wengi ni wa kanisa moja naye; ugumu ulikuwa kwamba Jumatano wana maombi ya akina mama, na wengine hawakutaka kuyaacha. Aliwaambia wataomba pale kituoni kwenye mkeka. Wakakubali.

Kisha akavuka bonde kwenda kwa Warundi. Nilimwambia kule ndiko kwenye surua, abaki. Alisema ndiyo sababu anakwenda. Kule hawakumjua. Mama mmoja mrefu, Mkatoliki mwenye rozari shingoni, alimwuliza ametumwa na ofisi gani. Mdogo wangu akasema hakutumwa na ofisi, ana mtoto tu. Akamgeuza mtoto akamwonyesha. Yule mama akampakata, akampima uzito kwa mikono, akasema, “Mtoto mzuri. Tutakuja, ndugu yangu. Na mimi nitawaambia wengine.” Alikuwa ananyonyesha wa kwake, rika lilelile.

Jumatano ikafika. Kutoka kwenye kiti changu cha pembeni niliwaona akina mama wa kwetu wakija kwa kundi, vitenge vyao vya Jumapili, watoto mgongoni. Warundi hawakuonekana. Baadaye bodaboda mmoja akaleta habari: kule ng’ambo kuna msiba. Mtoto aliyekuwa na surua alikuwa amefariki alfajiri, na wanawake wote wamekwenda kuzika.

Mhudumu wa mlangoni alihesabu waliokuja, akaona hawatoshi. Akamwita muuguzi. Muuguzi akatoka, akawatazama wanawake waliokaa kwenye mkeka wakiimba polepole, na nikaona uso wake unalegea.

“Kale,” akasema, yaani haya. “Nyinyi mmejaribu. Nitafungua tu. Wakubwa watanigombeza, waache wanigombeze.”

Nilishainuka kitini. Na hapo mdogo wangu, mtu wa polepole, akasimama akazungumza na muuguzi kwa heshima, kana kwamba anakataa chai.

“Sista, tunakuomba ungoje. Bale bamama ba ng’ambo niliwapatia neno langu. Leo bako ku kilio. Kama umefungua chupa juu yetu, Jumatano ingine bao batakuja bachache, batarudishwa. Na surua iko kwabo.”

Muuguzi akauliza kama wengine wanakubali. Kulikuwa na minong’ono. Mama mmoja akasema yeye ametoka mbali. Mwingine akasema, aliyeita salongo ndiye anasema, basi. Wakakusanya mikeka yao.

Mimi nilimfuata mdogo wangu mpaka nje ya uzio, nikasahau kwamba niko kazini. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Nilimwambia chanjo ilikuwa mkononi. Nilimwambia huu si wema, huu ni upumbavu, kwamba hao Warundi hawamjui hata jina, kwamba mtoto ni mmoja. Alinisubiri nimalize. Alikuwa ametoa titi, mtoto ananyonya, amesimama juani.

“Kama ni sisi tungekuwa ku kilio,” akasema, “ungependa bafanye aje?”

Nilitaka kujibu kwamba ningependa wachanje watoto wao na kutuacha, kwa sababu ndivyo watu walivyo. Nilirudi kwenye kiti changu nikamwuliza mama mwingine kama ameridhika. Wiki ile sikulala vizuri. Kila mtoto aliyekohoa Misiera nilimsikia. Ijumaa nikaenda Mbarara, Jumamosi nikafua nguo safi, Jumapili nikapiga simu mara nyingi mpaka mdogo wangu akaniambia nitammalizia betri.

Jumatano iliyofuata walikuja wote. Siwezi kusahau lile kundi la Warundi likishuka bondeni, yule mama mrefu mbele, wengine bado na vitambaa vya msiba kichwani. Walikaa kwenye mikeka ya Wakongomani, watoto wakachanganyikana, wakagombania kifuniko cha sufuria. Wetu wakaomba, wao wakafanya ishara ya msalaba, hakuna aliyekwazika. Mhudumu wa mlangoni alihesabu, akahesabu tena, akaanza kucheka. Hata kiongozi wetu alitoka ndani akasimama na kupiga picha. Muuguzi alifungua chupa mbele yao, akaichanganya, akasema, “Leo hii hata tone simwagi.” Nilifurahi mpaka nikatulia kwenye kiti. Nakumbuka hilo kwa sababu lilikuwa jambo la ajabu kwangu, miguu yangu haikuwa inataka kitu.

Mdogo wangu aliwapanga. Warundi kwanza, kwa sababu ya msiba. Kisha waliotoka mbali. Kisha wa kanisani. Yeye mwenyewe mwisho, kama adabu ya salongo inavyotaka.

Zamu yake ilipofika muuguzi alimshika mtoto mkono ili amchome, akasita. Akaweka kiganja kwenye paji la uso. Akamfungua macho kwa vidole, yalikuwa mekundu, yanatoa maji. Nilikuwa nimeyaona asubuhi nikasema ni moshi wa jikoni. Alikuwa anakohoa tangu juzi, na nani hakohoi Misiera wakati wa vumbi. Muuguzi akaweka sindano kwenye trei.

“Huyu ana joto sana,” akasema. “Mpeleke kwa daktari sasa hivi. Usipite hapa kwa watoto.”

Daktari wa kituo alimtazama mtoto kinywani kwa tochi. Hakuhitaji muda. Alisema ni surua, vipele vitatoka kesho au keshokutwa, na vilitoka. Alisema ameupata ugonjwa siku nyingi kidogo zilizopita. Mimi nikahesabu nyuma kichwani na nikajikuta kwenye bonde, jioni ile mdogo wangu alipovuka na mtoto mgongoni kwenda kuwaita. Nilimwuliza daktari, kama angechomwa Jumatano iliyopita? Akasema pengine ingesaidia, pengine isingesaidia, ilitegemea alikuwa ameupata lini hasa. Nilimchukia kwa hilo jibu. Nilitaka mtu aniambie moja, hata kama ni baya.

Nje, habari ilikuwa imetangulia. Akina mama waliokuwa kwenye mkeka mmoja naye asubuhi nzima walikuwa wamesimama, wanawafunga watoto wao mgongoni haraka, wanasogea. Hakuna aliyemtukana. Mmoja alifunika pua ya mtoto wake kwa kitenge. Yule mama mrefu wa Kirundi naye alirudi nyuma hatua kadhaa, rozari mkononi. Muuguzi aliwaambia watoto wao wamechanjwa, na chanjo ikiwahi hata aliyekaa karibu na mgonjwa huweza kuponea, waende nyumbani wawaangalie. Mdogo wangu alipita katikati yao akienda chumba cha kulazwa, ameinamisha kichwa, akisema, “Munisamehe, munisamehe,” kama mtu aliyemwaga maji ya wengine kwenye bomba. Nilitaka kuwapigia kelele wote. Nilitaka kuwaambia huyu ndiye aliyefungua chupa. Nilibeba tu beseni lake na kanga, nikamfuata.

Mtoto alilazwa chumba cha pembeni, peke yake. Alipewa matone ya vitamini, alipewa dawa ya macho, akakataa titi. Mtoto anayekataa titi ni jambo la kutisha. Hajui kitu kingine duniani, na hicho anakikataa. Mdogo wangu alimkamulia maziwa kwenye kikombe na kumnywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Mume wake alikuja kutoka Kikagate na vumbi lake, akakaa nje ukutani. Mimi nilizunguka jengo. Nadhani nililizunguka mpaka walinzi wakanizoea.

Wiki ile ndipo tulipaswa kuwasilisha matokeo ya awali Mbarara. Nilisema sitakwenda, mdogo wangu akasema niende, namchosha nikitembeatembea. Basi nikakaa kwenye ukumbi wenye viti vya vitambaa na chupa ndogo za maji mezani, wageni wakiwa wamevaa vizuri, na kiongozi wetu akasimama kueleza. Alieleza vizuri, na zaidi ya nilivyotarajia. Aliweka suala la wanaorudishwa mlangoni mapema, si mwishoni, akasema wazi kwamba njia yetu ya kuuliza haikuwafikia. Kisha akaonyesha ile picha ya mikeka. Ukumbi ukapenda. Mgeni mmoja akauliza kama akina mama wa vijiji vingine wanaweza kufundishwa kujikusanya hivyohivyo, maana hakuna dawa iliyomwagwa. Wakaandika. Kiongozi akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama ningependa kusema neno, kwa kuwa nilikuwepo.

Nilisimama. Nikasema aliyewakusanya ni mdogo wangu, na mtoto wake ndiye peke yake ambaye hakuchanjwa, yuko wodini na surua. Nikasema kwamba wanawake hao hawapaswi kufundishwa kujikusanya, chupa ndiyo inapaswa kufunguliwa. Sauti yangu ilikuwa kubwa mno kwa ukumbi ule. Mtu akasema pole, mwingine akasema hilo ni suala la ugavi, litapelekwa panapohusika. Ikaja chai. Nilisimama dirishani na kikombe changu, nikitazama barabara ya kwenda Isingiro, nikijiuliza kwa nini nimekaa huku.

Mtoto alipona. Nasema haraka kwa sababu na mimi sipendi kusubirishwa. Alipona akiwa amebaki mifupa, ngozi inabambuka mashavuni, sauti imekwaruza. Alipopokea titi tena baba yake alitoka nje ya chumba, akarudi macho yamevimba, akasema ni vumbi.

Nilirudi Misiera baada ya wao kuruhusiwa. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Jirani akaniambia mdogo wangu amekwenda ng’ambo. Nikashuka bonde nikikimbia, nikamkuta kwenye njia ya kijiji cha Warundi, mtoto mgongoni amefunikwa kichwa, anasimama mbele ya ua wa watu. Hakuingia. Alisimama mbali, kwenye njia, akapaza sauti.

“Batoto benu bako salama?”

Kutoka ndani sauti ikajibu wako salama, karibu. Akashukuru, akasema atasimama hapohapo. Kisha akaenda ua unaofuata.

Nikamshika mkono kama nilivyokuwa nikimshika utotoni. Nikamwambia mtoto hana nguvu, jua ni kali, kituo kina wahudumu wa kufuatilia hao watoto, si kazi yake, arudi nyumbani. Nilikuwa nalia kwa hasira na sikujali nani ananiona.

Akautoa mkono wake taratibu.

“Weye, yaya, banakutuma kuuliza. Unauliza, unaandika, unaenda. Hawa ni miye niliwaita. Niliwaambia balete batoto, na miye nikaweka wangu katikati yabo. Nitatuma nani aniulizie?”

Basi nikamfuata. Hakuna nyumba iliyosema mtoto wao ameugua, nami kila nyumba roho ilinishuka kidogo. Mwisho tukafika kwa yule mama mrefu. Alikuwa anaanika maharagwe, mtoto wake amekaa kando anayachezea. Mdogo wangu akasimama njiani, akauliza swali lake. Yule mama aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga.

“Wangu alipata joto siku moja, likapita,” akasema. Akaja mpaka ukingo wa ua wake, akanyanyua kitambaa kwenye kichwa cha mtoto aliye mgongoni, akamtazama mashavu yanayobambuka. “Na wako, ndugu yangu? Wako je?”

Mdogo wangu alifungua kinywa kujibu salama, kama tunavyojibu wote. Badala yake alikaa chini palepale, kwenye vumbi la ukingo wa ua ambao alikuwa amekataa kuuingia, akalia kwa sauti, na mtoto mgongoni naye akaanza.